Kilichozimika Sicho Kilichoharibika

Skrini ya nje ikizimika asubuhi baada ya kusasisha Linux, wa kwanza kushtakiwa ni waya. Unachomolewa, unapulizwa, unageuzwa, unachomekwa tena. Waya ukionekana hauna kosa, lawama zinahamia kwenye skrini yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyo mbele ya macho na ndiyo yenye giza. Nimeshuhudia skrini nzima kabisa ikirudishwa kwenye boksi lake ipelekwe kwa fundi, na nimeshuhudia nyingine ikinunuliwa huku ile ya zamani haina ila. Kilichopungua kilikuwa faili dogo ndani ya kompyuta, mbali na pale giza lilipojitokeza.

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko hitilafu nyingine za kompyuta, na sababu yake haiishii kwenye ufundi. Tuna mazoea ya kumhukumu aliye mwisho wa njia. Kasoro ikionekana kwake, tunaamini imezaliwa kwake. Katika kazi ya vitabu, ambayo ndiyo inayonilisha, anayebeba mzigo huo ni msomaji prufu. Kitabu kikitoka na aya iliyorudiwa, wote wanamgeukia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekigusa mwisho. Hakuna anayekumbuka kuuliza ni faili gani alipewa asome, na kama ndilo lililokwenda kiwandani.

Mfano ninaoukumbuka zaidi nilipewa na kijana tunayefanya kazi naye chumba kimoja, yeye akichora majalada na mimi nikipanga kurasa. Alisasisha mashine yake jioni, akaizima, akaenda zake. Asubuhi skrini zake mbili za nje zikaandika kwamba hakuna ishara inayoingia, kisha zikalala. Skrini ya kompyuta mpakato yenyewe ikawaka vizuri, na rangi zake zote.

"Dada, skrini zimekufa," akaniambia.

"Zote mbili?"

"Zote."

"Usiku mmoja?"

Akanyamaza, akauachia waya aliokuwa anauchomoa.

Nyaya zilikuwa mbili, tena za aina mbili, mmoja wa HDMI na mwingine wa USB-C. Skrini zenyewe zilinunuliwa kwa nyakati tofauti, na hazikutoka kiwanda kimoja. Vitu vinne visivyohusiana haviwezi kufa kwa saa moja pasipo kitu cha tano kinachoviunganisha. Hapo, kabla ya kuandika amri hata moja, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha, kwa sababu tulishajua mahali pa kutotafuta.

Kompyuta mpakato nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi za picha zina vichakata picha viwili. Kimoja ni kidogo, kimo ndani ya prosesa kuu, na hakili umeme mwingi. Kingine ni kadi inayojitegemea, yenye nguvu, na ndiyo inayobeba video, michezo na michoro mizito. Jambo ambalo mnunuzi haambiwi dukani ni namna matundu yalivyounganishwa. Mara nyingi skrini ya ndani imeunganishwa na kile kidogo, na matundu ya nje yameunganishwa na ile kadi kubwa. Kwa hiyo draiva ya kadi kubwa, yaani programu inayoiendesha, isipoamka, skrini ya ndani inaendelea kung'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, na zile za nje hazipati hata chembe ya picha. Mwenye mashine akitazama inayowaka anasema kompyuta ni nzima. Akitazama zilizozimika anasema hizi ndizo mbovu. Macho yake hayamdanganyi. Yanamwonyesha miisho ya njia mbili, naye anadhani ni njia moja.

Tukaanza kuuliza kila kiungo kwa zamu yake. Amri ya lspci, ikiongezewa herufi k, huorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine na kutaja draiva inayokiendesha kila kimoja. Kadi kubwa ilikuwepo, jina lake kamili. Mstari unaotaja draiva inayotumika ndio uliokosekana. Kisha tukafungua folda ya /sys/class/drm, ambamo kerneli, yaani kiini cha Linux, huandika kila tundu la picha inalolijua. Kila tundu lina folda yake, na ndani ya folda hiyo mna faili liitwalo status lenye neno moja tu la Kiingereza, linalosema tundu limeunganishwa, halijaunganishwa, au halijulikani. Tulichokikuta ni skrini ya ndani peke yake. Tundu la HDMI halikuandikwa kwamba halijaunganishwa. Halikuandikwa kabisa.

Nilimwomba kijana asiende haraka hapo, kwa sababu majibu hayo mawili yanafanana kwa mbali na maana zake ni mbalimbali. Darasani, mwalimu akisoma jina na watoto wakajibu kwamba mwenzao hayupo, mtoto huyo anajulikana, na leo atatafutwa. Jina lisipokuwamo katika daftari la mahudhurio, hakuna atakayemtafuta hata kama amesimama mlangoni. Faili lingesema tundu halijaunganishwa, tungekuwa na haki ya kurudi kwenye waya na skrini. Kwa kuwa tundu halikutajwa, waya ulikuwa umekwisha achiwa huru. Kerneli haikuwa na habari kwamba kuna mahali pa kuchomeka kitu.

Nitatoka kidogo kwenye kisa, maana kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye skrini alijue. Unapochomeka waya wa HDMI, picha haiendi moja kwa moja. Kompyuta hutoa umeme wa volti 5 kwenye pini ya 18, na skrini hujibu kwenye pini ya 19 kwamba ipo. Ndipo kompyuta inaposoma, kupitia pini za 15 na 16, maelezo mafupi yaliyohifadhiwa ndani ya skrini, yaitwayo EDID, ambayo utaratibu wake uliwekwa na chama cha VESA mwaka 1994. Sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu. Ndani ya baiti hizo skrini inajieleza: herufi tatu za mtengenezaji wake, mwaka iliotengenezwa ukihesabiwa kuanzia 1990, upana na urefu wake kwa sentimita, vipimo vya picha inavyoweza kuonyesha, na namna inavyozielewa rangi. Baiti ya mwisho huchaguliwa ili jumla ya zote 128 igawanyike kwa 256 bila baki, kompyuta ijue kwamba maelezo hayakuharibika njiani. Yote haya hupita kabla mtu hajavuta kiti akakaa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kila nikiwasha mashine yangu huwakumbuka watu walioketi wakakubaliana hata juu ya pini na baiti.

Asubuhi ile mazungumzo hayo hayakufanyika. Skrini zilikuwa na maelezo yao tayari, zimejiandaa kujitambulisha kama siku zote. Upande wa pili hakukuwa na wa kuuliza. Hili nimelifikiria sana nje ya kompyuta. Katika vikao vya ofisi na hata vya ukoo, mna watu tunaowaita wakimya, wazito, wasio na mchango. Tunawaeleza kwa tabia zao, na tabia yenyewe tumeipima kwa ukimya wao. Mara nyingi ukimya huo umetengenezwa upande wetu, kwa kuwa agenda ilipangwa bila nafasi yao na hakuna aliyewageukia akawauliza. Tangu nianze kuongoza vikao vya wahariri nimejiwekea kanuni kwamba kabla sijasema fulani hana la kusema, nihakikishe kwanza kwamba aliulizwa swali ambalo angeweza kulijibu.

Turudi kwenye mashine. Matoleo ya Linux yanayosimamia programu kwa apt yana faili la /var/log/apt/history.log. Kila programu inapowekwa, kuondolewa au kusasishwa kwa njia hiyo, tarehe na saa huandikwa humo, pamoja na amri iliyotumika, toleo lililokuwepo na toleo lililoingia. Ni maandishi makavu, hayana maoni. Tulisoma maingizo ya jioni iliyotangulia na jibu likawa pale pale: kerneli mpya imeingia. Kifurushi cha vichwa vya kerneli hiyo, ambacho hutakiwa wakati wa kujenga draiva za nje, hakikuingia pamoja nayo.

Thamani ya maandishi ya namna hiyo niliijua hospitalini kabla ya kuijua kwenye kompyuta. Shangazi yangu alivimba miguu. Nyumbani kila mtu akawa na jibu: figo, moyo, chumvi, kukaa sana kwenye kiti. Binamu mmoja alikuwa ameshaanza kuulizia gharama za vipimo vya figo. Daktari aliyempokea hakuishika miguu kwanza. Alichukua daftari lake la kliniki, akafungua kurasa za nyuma, kisha akamuuliza, "Mama, hii dawa ya presha umeanza kuitumia lini?" Ilikuwa amlodipine, na ilianza si muda mrefu kabla ya uvimbe. Kuvimba miguu ni athari inayojulikana ya dawa hiyo. Hata hivyo alimpima, kwa kuwa daktari makini haachi kupima, halafu yeye mwenyewe ndiye aliyembadilishia dawa. Dawa ya presha mgonjwa haiachi kwa uamuzi wake au wa jamaa zake. Uvimbe ukapungua. Miguu haikuwa na kosa lolote.

Kilichonigusa ni mpangilio wa maswali yake. Sisi tuliuliza nini kibovu. Yeye aliuliza nini kimebadilika. Swali la kwanza linamfanya kila mtu atazame mahali palipo na dalili, na hapo kila mwenye sauti kubwa anaweza kushinda. Swali la pili linadai tarehe, na tarehe haina upande. Lakini haliwezi kujibiwa mahali ambapo hakuna aliyeandika. Shangazi alilitunza daftari lile katika mfuko wa plastiki, kurasa zimekunjika, wala hakulifanya jambo kubwa. Lingepotea, tungekuwa bado tunabishana kuhusu chumvi.

Sasa, kwa nini kerneli mpya iizime kadi ambayo jana ilikuwa inafanya kazi? Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu wengi huishia kusema Linux haitabiriki, na hiyo si haki. Linus Torvalds, aliyeitangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, ameshikilia kwa miaka mingi kanuni moja kwa ukali: programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi kwenye kerneli ya zamani isivunjwe na kerneli mpya. Kanuni hiyo inahusu mlango wa nje. Ndani ya kerneli hali ni nyingine. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wake wakuu, ameeleza katika nyaraka za kerneli kwa nini sehemu za ndani haziahidiwi kubaki vilevile: wahandisi wanataka uhuru wa kurekebisha walichokijenga vibaya. Draiva zinazoishi ndani ya mti wa kerneli, yaani msimbo wake wote, hurekebishwa pamoja na mti wenyewe. Draiva iliyo nje ya mti, kama ile ya kadi ya kijana, haina wa kuirekebisha humo, hivyo kila kerneli mpya ikija inabidi ijengwe upya ili ilingane nayo.

Kazi hiyo ya kujenga upya hufanywa na chombo kiitwacho DKMS, kilichoanzia kwa wahandisi wa Dell. Kerneli mpya inapoingia, chombo hiki huchukua msimbo wa draiva, huujenga kwa kutumia vichwa vya kerneli hiyo, na huiweka moduli iliyopatikana chini ya /lib/modules, katika folda yenye namba ya toleo. Vichwa visipokuwepo, ujenzi haufanyiki. Sasisho linaendelea, linamalizika, na ujumbe wa kushindwa unapita katikati ya mistari mingine mingi ambayo hakuna anayeisoma. Kuna sababu nyingine zinazotoa giza lile lile. Mashine yenye ulinzi wa Secure Boot, kwa mfano, inaweza kuikataa moduli iliyojengwa vizuri kwa kuwa haina saini inayotambulika. Kwetu ilikuwa vichwa. Amri ya dkms status ilionyesha draiva imejengwa kwa kerneli ya zamani, na kwa kerneli mpya hakukuwa na mstari.

Kijana alitaka kuviweka vichwa papo hapo, kuiondoa draiva na kuiweka upya, na kubadilisha mipangilio ya skrini, yote kwa mkupuo. Namwelewa, mteja wake alikuwa anasubiri jalada. Nikamsihi, "Mdogo wangu, jambo moja kwanza." Ukibadilisha vitu vitatu na skrini zikawaka, umepata picha na umepoteza maarifa. Mwezi ujao giza likirudi utarudia yote matatu, na moja kati ya hayo huenda ndilo linaloharibu.

Jambo moja hilo lilikuwa kuwasha upya na kushikilia Shift hadi itokee orodha ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli. Kwenye mashine nyingine kitufe ni Esc. Katika orodha hiyo kuna sehemu ya chaguo za ziada, na humo kerneli ya zamani bado ipo. Linux nyingi zimepangwa hivyo kwa makusudi, kwamba toleo jipya likiingia, lililokuwa likifanya kazi lisifutwe mara moja. Akalichagua. Skrini ya kwanza ikawaka, ya pili ikafuata, na jalada lake likajitandaza kwenye zote mbili kama alivyoliacha. Nyaya zilikuwa zile zile, na hakuna aliyekuwa amezibadilisha.

Huo ulikuwa ushahidi, na wakati huo huo ulikuwa ahueni. Aliweza kumalizia kazi ya mteja kwenye kerneli ya zamani na kurudi kwenye marekebisho mchana akiwa ametulia. Akaviweka vichwa vya kerneli mpya, akaiambia DKMS ijenge, akawasha upya. Folda ya HDMI ikawa imeandikwa katika /sys/class/drm, na faili la status likasema tundu limeunganishwa.

Nakiri nina mapenzi makubwa na orodha ile ya kerneli za zamani. Nimewaona watu wakihama kazi, mtaa, hata dhehebu, na kabla hata hawajajua kule kupya kukoje, wanahakikisha hakuna mlango utakaowapokea nyuma. Wanaita huo ujasiri. Mimi nimeona gharama zake kwa watu ninaowapenda, na siuiti hivyo. Anayeaga vizuri, akamaliza madeni, akaacha funguo kwa anayehusika na namba yake ya simu bado inapokelewa, hajapunguza hata kidogo nia yake ya kwenda mbele. Amejiachia mahali pa kusimama ikiwa kesho itakuwa giza, apate nafasi ya kufikiri.

Kuna nyakati kosa liko ndani ya kerneli yenyewe. Hapo kuna njia ninayoistahi sana. Git, chombo ambacho Torvalds alikiandika mwaka 2005, kina amri ya bisect. Unaiambia toleo lililokuwa zima na toleo lililo bovu, nayo inakupeleka katikati. Unajenga, unawasha, unatazama skrini, unajibu zima au bovu, nayo inaitupa nusu isiyohusika. Kerneli moja mpya, ambayo hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi, hubeba mabadiliko yanayozidi 10,000. Kwa kukata nusu kwa nusu, majaribio yapata 14 yanatosha kulifikia badiliko moja lenye kosa. Haijalishi unamshuku nani au nani anajulikana kwa uzembe. Kila jaribio linajibu swali dogo tu, kama skrini inawaka au haiwaki. Natamani ugomvi wa nyumbani na wa kazini ungetafutiwa chanzo kwa subira ya namna hiyo, kwa kurudi hadi siku tuliyokuwa bado tunaelewana na kusogea kutoka hapo, badala ya kuanzia kwenye neno la mwisho lililotamkwa kwa hasira.

Baada ya siku ile kijana aliniambia hatasasisha tena. Nilimkatalia, na nitamkatalia yeyote. Masasisho yale yale yanayoleta kerneli mpya huziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaijua, na mashine yake ina kazi za watu. Asiyesasisha amekimbia hitilafu inayoonekana akaikaribisha isiyoonekana. Tulikubaliana hivi. Kifurushi cha vichwa kinachofuatana na kerneli kila inapobadilika kiwepo daima, ili kisiachwe nyuma tena. Sasisho la kerneli lisifanywe siku ya kukabidhi kazi. Baada ya kila sasisho, dkms status isomwe kabla ya kuzima mashine, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Na ikibidi kuizuia kerneli kwa apt-mark hold, tarehe ya kuiachia iandikwe siku hiyo hiyo. Ameyaandika hayo kwenye karatasi na kuibandika kwenye ukingo wa skrini ya kushoto, na mstari wa kwanza una tarehe ya Ijumaa ijayo.